Pua ya Munyakazi

Munyakazi, mshonaji wa Batsinda, alikuwa na pua ya kutisha. Ukimpelekea kitambaa anakinusa kwanza, kisha anakwambia kimechanganywa nailoni au la. Mimi jirani yake nilichoka naye. Mboga yangu ikianza kuungua, yeye ndiye anayekuja kupiga hodi. "Mwenye pua haambiwi nusa," hujisifu, na mkewe Uwera hucheka akishika mbavu.

Siku moja kabla ya Idi umeme ulikatika, na mvua ikawa inapiga mlangoni kwao. Munyakazi alifunga mlango na dirisha ili kanzu za watu zisilowe, akajaza makaa kwenye pasi. Yaliyobaki kwenye jiko, humo humo chumbani, akayarushia ubani, kama alivyofanya baba yake, nguo za sikukuu zinukie. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Mzee, fungua kidogo," Uwera alimwambia. "Kichwa iko inauma."

Munyakazi akavuta hewa polepole. "Moshi iko wapi? Mimi nasikia ubani tu."

Na kweli alisikia ubani tu. Juu kabisa ndani ya pua kuna chembe zinazongoja harufu, zikiipata zinaupasha ubongo habari. Shingoni kuna nyingine zinazoonja damu, na mtu akianza kukosa pumzi zinamfanya ahangaike kuhema. Gesi ya makaa haina wa kuipokea. Inawapita walinzi wote na hakuna anayegeuka. Mtu anakufa huku mwili wake ukimhakikishia kuwa kuko salama, na mimi nikiliwaza hilo naogopa.

Nilikwenda kuchukua kanzu yangu. Niliita, nikasukuma mlango. Chumba kilinukia vizuri mno. Munyakazi alikuwa amelalia meza. Uwera aliegemea ukuta, sindano mkononi, midomo myekundu, uso wenye afya kuliko asubuhi. Nilimsalimia. Mungu anisamehe, nilimsalimia tena.

Munyakazi alizindukia hospitalini. Kaliza, daktari kijana, alimweleza taratibu kwamba mkewe hakupona.

"Daktari, pua yangu ilikosea?"

"Hapana, muzee. Ile gesi haina harufu."

Nikiwa kando ya kitanda, nilitaka kumgombeza Munyakazi, hasira ilikuwa imenijaa kifuani. Yeye akageukia ukuta.

"Uwera aliniambia," akasema. "Mimi nikaenda kuuliza pua."