Pikipiki Iliyolala kwa Rika Langu

Pikipiki ile niliinunua mimi, na karatasi zake zilikuwa na jina langu, lakini ilikaa muda mrefu sana kabla ya kulala kwangu hata siku moja. Ililala kwa mtu mwingine. Nikisema hivi vijana wanacheka, kwa sababu siku hizi kila kijana ana pikipiki na anailaza sebuleni karibu na televisheni. Miaka ile ya tisini haikuwa hivyo. Huku kwetu upande wa Kabianga pikipiki ilikuwa ya padri, ya naibu wa chifu, na ya yule mtu wa serikali aliyekuja kupandisha ng'ombe kwa sindano. Mkulima wa chai kama mimi, niliyeacha shule kabla ya kujua kugawanya, alikuwa mtu wa gambuti na mwavuli.

Niliipata Kericho mjini. Mzungu mmoja alikuwa ametoka kwao nayo, akapita jangwa, akapita nchi ambazo mimi nilizisikia kwa redio tu, akafika hapa kwetu salama. Halafu akitoka Kedowa mvua ya mawe ikamkuta. Ile mvua yetu ya saa nane, kila mtoto wa hapa anajua saa nane unakaa ndani. Yeye hakujua. Akateleza, akavunjika bega, akaamua kurudi kwao na ndege na kuuza pikipiki. Bonasi ya chai ilikuwa imetoka. Mambo hayo mawili yalikutana tu, bega lake na bonasi yangu.

Nilienda kuiona na rika langu. Mtu asiye wa kwetu naomba anielewe hapa. Rika si rafiki wa kunywa naye chai tu. Huyu tulitahiriwa naye msimu mmoja, tukakaa kibanda kimoja mpaka tukapona, tukala sahani moja. Huwezi kumnyima kitu, na yeye hawezi kukunyima. Nilienda naye kwa sababu yeye ndiye alikuwa yule mtu wa sindano za ng'ombe kabla serikali haijapunguza watu. Alizunguka na pikipiki ya kazi miaka mingi, halafu siku moja wakamwambia airudishe, akarudi nyumbani kwa miguu. Ni mrefu, mrefu sana. Mimi ni mfupi. Nataka hilo likumbukwe.

Mzungu alikuwa amefungwa mkono shingoni, akafundisha kwa ule uliobaki. Alionyesha koki ya petroli, akaonyesha pa kutilia oili, akaonyesha namna ya kupiga kiki bila kurudishiwa teke. Lakini alimwonyesha nani? Alimwonyesha rika langu, kwa sababu rika langu alijua Kiingereza na aliuliza maswali ya maana. Mimi mwenye pesa nilisimama kando nimeshika helmeti kama mtu aliyeshikishwa mtoto kanisani.

Ilikuwa pikipiki kubwa, rangi ya samawati iliyochujuka, tangi pana kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na pande zote mbili za nyuma masanduku ya bati yaliyobandikwa karatasi za nchi nyingi. Siku ya kwanza nilifungua sanduku moja nikakuta mchanga kwenye pembe. Mweupe, laini kama unga. Udongo wetu ni mwekundu, kila mtu anajua. Nikausugua kwa kidole nikasikia uchungu ambao sikuutarajia. Hii kitu ilikuwa imetembea dunia na mwanaume mwingine, na mimi nilikuwa bado sijavuka Nakuru.

Sasa, kwa nini ililala kwa rika? Kwa sababu ya chai. Nyumba yangu iko chini karibu na mto, na kutoka barabarani hadi mlangoni ni chai tupu, mstari kwa mstari. Njia katikati inamtosha mama aliyebeba kikapu mgongoni, basi. Nilimwambia mke wangu tung'oe mstari mmoja.

"Ng'oa," alisema. "Halafu uende uchume hiyo pikipiki, uipeleke kwa mizani."

Sikung'oa. Rika langu anakaa juu, kando ya barabara, ana banda zuri la mabati. Jioni ile tulipoifikisha nilimwambia kwa mzaha, "Rika, hii nakuwekea hapa kama kimanagan."

"Kama kimanagan," alijibu, na yeye hakucheka.

Kimanagan ni ile desturi yetu ya kumpa mtu ng'ombe akutunzie. Ng'ombe ni wako, ndama ni wako, unaweza kuja kumtazama wakati wowote. Lakini maziwa ni ya anayemlisha. Hakuna mtu anayegombana juu ya hilo. Mimi nilisema tu ili tucheke, na nikateremka nyumbani nikalala vizuri, usingizi mzuri wa mwisho kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakamua. Sauti husafiri sana bondeni kwetu, mtu akikohoa juu unamsikia chini. Nikasikia injini ikiwaka. Kiki moja tu. Ikanguruma polepole, ikatulia, ikanguruma tena kama mtu anayesafisha koo. Mikono yangu ilisimama, na ng'ombe naye akafunga maziwa. Ng'ombe anajua ukiwa na moyo mbaya.

Nilipanda mlima bila kunywa chai.

"Nimeipasha moto tu, rika," alisema, akifuta tangi kwa shati lake la zamani. "Baridi ya huku inaua injini."

Niliweka mkono juu ya injini. Ilikuwa na joto kama kikombe ambacho mtu mwingine amekwisha kunywea. Nikapanda. Nikatazama kioo cha pembeni ili nione barabara nyuma yangu, nikaona mawingu. Nikatazama cha upande wa pili, nikaona vilele vya mikaratusi. Alikuwa amevipanga kulingana na macho yake huko juu aliko. Nikavishusha vyote viwili. Kesho yake nikaja, nikaona mawingu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Yeye anapandisha, mimi nashusha, na hakuna anayezungumza. Watu wengine hutafuta nywele kwenye koti. Mimi nilikuwa nikitazama mbingu kwenye kioo.

Pikipiki yenyewe nilikuwa naijua kidogo kidogo, kwa taabu. Miguu yangu haikufika chini. Ilining'inia. Ukikaa juu ya kitu kizito namna ile na miguu inaning'inia, kusimama kunakuwa jambo la kupanga mapema. Kwa hiyo nilijifunza mawe. Kulikuwa na jiwe zuri mbele ya kituo cha kununulia majani, kulikuwa na ukingo wa udongo karibu na lango la kanisa, na pale kwenye daraja ndogo kulikuwa na simenti ya kutosha mguu mmoja. Ng'ombe wakivuka mahali pasipo na jiwe, nilizunguka nyuma na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Kericho mjini nilisimama mbele ya duka moja tu la vitambaa lenye ngazi, na mama mwenye duka, mtu wa kutoka Nyeri, aliniuliza, "Mzee, leo umekuja kununua ama ni kuegesha mguu tena?"

Rika langu yeye alisimama popote. Aliweka mguu chini kama mtu anayeshuka kitandani. Na watu wakaanza kusema "pikipiki ya yule mrefu." Mbele yangu walisema hivyo. Nilikuwa nimekaa juu yake, wakasema, "Leo yule mrefu amekuazima?"

Nikamwendea. Sikupiga kelele, si desturi na rika.

"Rika, unaitembeza mchana nikiwa shambani."

"Naitembeza."

"Mpaka wapi?"

"Juzi mpaka Sotik. Inapenda barabara ndefu." Akaendelea kufuta tairi. "Si ulisema kimanagan? Ng'ombe asipokamuliwa anaugua kiwele."

Nifanye nini hapo? Neno lilikuwa langu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu rika ameharibika, akaniuliza ameharibika namna gani, nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Basi nikaitwa Bomet, kwa dada yangu, kulikuwa na mazungumzo ya mahari. Nikaenda na gari kwa sababu mvua ilikuwa nyingi, nikakaa huko siku kadhaa. Kumbe huku nyuma jino la mke wangu lilivimba, shavu likawa kama limeficha yai. Rika langu akamchukua kwa pikipiki mpaka hospitali Kericho, likang'olewa, akamrudisha kabla ya saa nane. Yeyote angemshukuru. Mimi nilifika, nikamkuta mke wangu ameketi jikoni amefunga kitambaa kichwani, nikakaa.

"Pale mlima wa kutoka mtoni," nilisema, "alipanda na gia gani?"

Akanitazama.

"Ilirukaruka?"

"Haikurukaruka. Ilikuwa kama kukaa kwenye kochi." Akatema mate kwenye moto, bado yalikuwa na damu. "Wewe ndiye unaendesha kama punda aliyeumwa na nyuki."

"Na alipiga kiki mara ngapi?"

Hapo akafungua kitambaa ili aniangalie vizuri, shavu lake lile kubwa likajitokeza.

"Baba watoto. Nimekaa nyuma ya mwanaume mpaka Kericho na kurudi, nimemshika kiuno. Kijiji kizima kimeona. Na wewe unaniuliza kiki?"

"Yule ni rika. Rika ni kama ndugu."

"Hukufikiri kitu kingine? Hata kidogo?"

Nilisema hapana, na ilikuwa kweli, na nikaona haraka kwamba ukweli huo haukuwa jibu zuri. Aliiacha sufuria ichemke mpaka ikamwagika.

"Sawa," alisema. "Kama umeoa mke mwenza, mbona unamficha kwa jirani? Mlete hapa chini nimwone mchana na usiku. Nataka nijue ana nini."

Kesho yake alitoka na panga la kupogolea kabla sijamaliza kukamua. Hakung'oa hata shina moja, mama yule haharibu chai. Alipogoa pembeni, mistari miwili inayotazamana, kutoka barabarani hadi mlangoni, akikata matawi ya upande na kuacha meza ya juu, ile tambarare ya kuchumia. Shavu bado limevimba. Majani ya miezi mingi yalianguka chini, na hakuniruhusu nisaidie.

Siku ya kuiteremsha wakaja kina mama waliokuwa njiani kupeleka majani, wakaweka vikapu chini kutazama. Masanduku tuliyafungua, wawili kati yao wakayabeba kichwani. Rika langu alikuwa amekwisha kukaa juu ya pikipiki.

"Wacha niteremshe mimi," alisema. "Hapa ni utelezi, rika, na wewe miguu haifiki."

Kweli haikufika. Akaingia katikati ya chai taratibu. Lakini magoti yake, yale magoti marefu, yalijitokeza pembeni kama ya panzi. Goti la kulia likanasa kwenye matawi yaliyokatwa, akalitoa, la kushoto likanasa. Akajaribu kuweka mguu chini kama alivyozoea, ukaingia katikati ya mashina, kiatu kikabaki huko. Akasimama. Hakuweza kwenda mbele na hakuweza kurudi.

"Mrefu amekwama," mama mmoja akasema, na wengine wakacheka mpaka wakashikana.

Akashuka upande wa nyuma, na soksi moja. Mimi nikapanda. Nilipanda tu kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama, na miguu ikaning'inia kama kawaida. Nikaachilia breki. Ikaanza kuegemea kushoto, nikasema moyoni sasa nimekwisha, na chai ikanishika. Meza ya chai ilikuwa sawa na nyonga yangu, imara, imebanana miaka na miaka ya kuchumwa. Ikaegemea kulia, chai ikanishika huku pia. Nikaweka viwiko juu ya majani, kiwiko hiki na kile, kama mzee aliyekaa kwenye kiti cha mikono, nikateremka taratibu kabisa mpaka mbele ya jikoni. Hakuna jiwe nililotafuta. Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliizunguka mara moja, akabonyeza kiti kwa kidole.

"Ni huyu?" alisema. "Amezeeka."

Asubuhi nilitoka nikaweka mkono juu ya injini. Ilikuwa baridi kama chuma cha jembe kilicholala nje, na sijawahi kushika kitu baridi kikanifurahisha namna ile. Vioo nilivipanga usiku, na kwenye kioo niliona nyuki wa mzinga wangu, na ukuta wangu, na kuku. Nilipiga kiki mpaka nikavua koti. Mke wangu akapika chai, akanywa, akaosha kikombe, ndipo ikawaka.

Ila kupanda mlima na matope yale, peke yangu, haikuwezekana. Gurudumu lilizunguka tu. Rika langu alikuwa amesikia toka juu, akateremka bila kuitwa, akasimama nyuma, akasukuma.

"Vali ya injini yako, ile ya kushoto, inalia," alisema kutoka nyuma. "Unaisikia?"

Sikuwa nimeisikia. Nikamwambia nimeisikia.

Tukapanda hivyo, mimi viwiko juu ya chai, yeye mabega yamezama nyuma ya kiti, matope mpaka magotini. Nikatazama kioo nikamwona uso. Alikuwa anaitazama pikipiki kwa macho ambayo niliyajua, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeyabeba mlima ule kila asubuhi. Nikanyoosha mkono nikakigeuza kioo kidogo, nimwone vizuri zaidi.