Nilimvunja Vidole Mzee ili Nigonge Muhuri

Mkono wa Mzee Gavana niliuvunja mimi. Wapo wanaosema ulikuwa ugomvi, eti watu waliumizana. Uongo! Mzee hakuninyanyulia hata kofi. Nilimuumiza mchana kweupe, mbele ya mkewe, na leo nasema kwa sababu kifua kimejaa.

Ilikuwa Guangzhou, miaka ile kila ndege ya Dar inashusha wafanyabiashara wapya. Mimi nilikuwa nachukua mikoba ya kuuza Dar kwenye viwanda vya Shiling. Nilipofika mara ya kwanza, sijui hata kuagiza wali, Mzee alinilaza kwake wiki tatu, na mkewe, Bi Rehema, akanipikia kama mwanawe. Naomba mlikumbuke hilo.

Mzee alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania. Uchina barua isiyo na muhuri mwekundu ni ya kufungia maandazi, basi katiba yetu ikasema azimio la kamati halifanyi kazi mpaka mwenyekiti aligonge. Tatizo, tulikuwa kambi mbili. Kambi ya Juu ni wenye ofisi ghorofa za juu pale jengo la Tianxiu, na Mzee alikuwa wao. Sisi wa mabegi tulikuwa Kambi ya Chini, na ndio tuliojaa kwenye kamati. Tukipitisha, anakataa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu! Jirani yetu Mnijeria akacheka, akasema kwao gavana wa jimbo hurudisha hivyo hivyo sheria za wapinzani. Jina likamganda Mzee.

Kisha mtu mmoja wa Kambi ya Juu akakamatwa, viza imekwisha. Desturi ilikuwa chama kimwandikie mtu barua ya kumdhamini, na polisi humsikiliza. Kiongozi wetu, Kassimu, akaona nafasi: tupitishe kwamba atakayekamatwa asiandikiwe barua. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wangu. Haki ya Mungu, sikuwa na kisa na yule bwana! Nilitaka tu wale wa juu waumie.

Tulikutana mkahawani baada ya sala ya Ijumaa, kambi zote mbili, Bi Rehema kaketi kando ya mumewe. Mzee akasoma karatasi, akavua miwani.

"Hii siigongi, wanangu. Mtu akiwa rumande hana kambi."

"Gonga, Mzee!" nikafoka. "Kamati imeamua!"

"Nami nimekataa."

Muhuri alikuwa ameufumbata. Nikaurukia. Nikamkunja kidole, hakuachia. Nikamkunja cha pili, kikalia ko! Nilikisikia mpaka kwenye meno. Bi Rehema akanivuta kanzu, nikampiga kiwiko cha mdomo. Yule mama aliyenipikia! Mtu wao mmoja akanipasulia chupa kichwani, Kassimu akamtwanga kiti cha mgongo. Meza zikapinduka, mchuzi wa moto ukawamwagikia watu, wengine wakateleza kwenye wali na damu. Mwenye mkahawa anapiga kelele, "Bu xing! Bu xing!", yaani haifai, haifai. Nani amsikilize? Mzee alikuwa amepiga magoti. Nikamkanyaga kifundo cha mkono mpaka muhuri ukadondoka.

Nikagonga. Nikainua karatasi juu, damu inanitiririka machoni, nikapiga ukelele: "Imepita!" Wenzangu wakashangilia. Nami nikacheka, jamani. Nilicheka!

Polisi walipoingia nilitupa muhuri chini. Bi Rehema, mdomo umepasuka, akauokota.

Siku ya tatu rumande Kassimu alikuja kunitazama. Nikamwomba barua ya chama.

"Azimio limepita, kaka," akasema. "Si uliligonga mwenyewe?"

Akaaga, akaenda zake. Nilipiga kichwa ukutani mpaka askari wakanizuia.

Siku ya sita nikaitwa. Mezani kwa polisi palikuwa na barua ya chama yenye jina langu. Muhuri ulikuwa umekaa upande, umegongwa kwa mkono usiozoea. Mzee alikuwa benchini, mkono wa kulia uko kwenye plasta.

"Mzee," nikasema, "na lile azimio?"

"Azimio gani? Mimi nilikataa. Mpaka leo nimekataa."

Wakaniachia, wakanipa siku chache niondoke nchini mwao. Biashara ikafa, na hiyo wala siililii. Kinachonitafuna nilikiona Dar, kwenye harusi ya watu wa Kariakoo. Watu wamezunguka sinia la pilau wanakula kwa mkono, Mzee peke yake kapewa kijiko. Vidole viwili havikunyooka tena. Bi Rehema aliponiona akageuza uso. Mzee akaniita nikae karibu yake, akanipa mkono wa kushoto.

Enyi mnaopandishana mori kwenye vyama, nawasihi! Mkubwa wenu akikataa kutia saini, msimrukie. Mwulizeni kwanza anamkinga nani. Mimi sikuuliza, na aliyekuwa akikingwa ni mimi.