Kinyozi wa Wodi ya Wanaume

Kinyozi huyu alikuwa mtu wa maneno machache, jambo la ajabu kwa watu wa kazi yake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kiti cha kuzunguka, kioo chenye ufa na benchi la kusubiria, ambalo siku za Jumamosi lilijaa hadi wengine wakasimama mlangoni.

Jumamosi moja dada yake alimpigia simu. Baba yao, aliyekuwa amelazwa hospitalini, alikuwa anaomba kunyolewa.

"Ndevu zinamwasha, kaka. Hataki hata kuonwa na watu."

Kinyozi alitupia jicho benchi lililojaa. "Mwambie nakuja kesho, ibada ikiisha."

Mzee hakuiona hiyo kesho. Kinyozi alimnyoa katika chumba cha maiti, taratibu, huku mhudumu akimsubiri na funguo mkononi.

Wiki mbili baada ya mazishi alifunga duka Jumatatu asubuhi, akatia kwenye mkoba brashi, sabuni, taulo na pakiti ya nyembe mpya, akaenda wodi ya wanaume. Muuguzi mkuu alimtazama kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Una mgonjwa wako humu?"

"Sina, sista. Nimekuja kuwanyoa."

"Nani kakutuma?"

Alifungua mkoba, akatoa brashi. "Yesu aliosha miguu ya watu. Mimi ninachoweza ni videvu."

Sista hakucheka, ila alimwonyesha beseni lilipo.

Basi Jumatatu zikawa za wodini, miaka kumi na moja. Hakumtoza mtu, na hakumhubiria mtu asiyeuliza. Nyumbani mkewe alivumilia mwaka wa kwanza, wa pili akasema.

"Baba watoto, siku hiyo si ungepumzika walau? Hivi unamfanyia Mungu, au unamfanyia marehemu mzee?"

"Sijui, mama. Labda Mungu anajua."

"Basi akikuambia, na mimi uniambie." Hata hivyo akaanza kumwamsha mapema siku za Jumatatu, asije akachelewa.

Habari zilipomfikia mchungaji, alitaka kinyozi asimame mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Kinyozi alikataa katakata. "Mchungaji, nikisimama pale mara moja, nitawanyoa ili nisimame tena."

Mwaka wa kumi na mbili mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzoni aliuficha, akijifanya anatikisa brashi. Kisha siku moja akamkata mgonjwa shavuni. Mgonjwa alisema si kitu, lakini kinyozi aliiona damu kwenye taulo, akafunga mkoba wake. Daktari hakumficha: ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, dawa zingeupunguza makali tu. Duka alimwachia binti yake, aliyekwisha kujua kazi. Lakini binti alikuwa na mtoto mchanga, na Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi mwingine, aliyeitwa Haraka kwa sababu alimaliza kichwa kabla mteja hajamaliza salamu. Kwa miaka mingi Haraka alikuwa akiwachekesha wateja kwamba jirani yake anatafuta mbingu kwa povu la sabuni. Jirani alilijua hilo. Alivuka barabara hivyo hivyo.

"Nimekuja kukuomba mkono wako," alisema. "Wangu umegoma."

"Mkono wangu wa nini?"

"Wa wodini. Jumatatu."

Haraka alizima mashine. "Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitashika beseni."

Haraka alimwangalia mikono, akaangalia pembeni. "Jumatatu moja tu, mzee mwenzangu. Usinizoee."

Jumatatu hiyo Haraka aliwanyoa watu watatu upesi upesi. Wa nne alikuwa mpakia mizigo aliyeanguka toka juu ya lori, na shingo yake haikuweza kubeba kichwa. Haraka alisita. Kinyozi aliweka beseni chini, akapiga magoti kando ya kitanda, akakikumbatia kile kichwa kwa mikono yote miwili na kukiegemeza kifuani pake. Mikono ilitetemeka, ila kifua kilitulia. Haraka alinyoa polepole, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Walipomaliza, yule mgonjwa aliomba kioo. Alijitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe bado ni mimi," alisema.

Nje, Haraka alinawa mikono kwenye bomba hadi kinyozi akadhani kasahau kulifunga.

"Wiki ijayo nitakuja na brashi yangu," alisema mwishowe. "Hii yako imenyonyoka kama kuku mgonjwa."

Walikwenda pamoja miaka minne. Haraka alianza hata kuingia kanisani, akikaa karibu na mlango na kutoka kabla ya baraka. Miguu ya kinyozi iliposhindwa safari, Haraka aliendelea peke yake. Kila akirudi alipitia kwa mwenzake, akavuta kigoda kando ya kitanda na kumsimulia: yupi karuhusiwa kwenda nyumbani, yupi kafariki, yupi mgeni na analia usiku kwa maumivu. Kinyozi alisikiliza, akauliza jina la kila mmoja. Kisha akafumba macho na kuwaombea mmoja mmoja, na Haraka, aliyezoea kuondoka mapema, alikaa hadi jina la mwisho.