Kinyundo cha Mpira

Juzi munganga alinigonga goti kwa kinyundo chake, na harufu ya ule mpira ikanirudisha kwenye kitanda cha hospitali ya Kamina, mama akinishika mgongo nisianguke. Homa ilikuwa imeniachia miguu iliyolegea kama ugali mbichi wa bukari. Munganga wa siku ile aligonga goti mara tatu. Mguu haukucheza. Akaandika kwenye karatasi yake.

Baba hakuvumilia kimya cha goti lile. Kazi yake stesheni ilikuwa kugonga magurudumu ya treni kwa nyundo na kusikiliza: gurudumu zima huimba, lenye ufa huwa bubu, nalo huondolewa. Akainama, akatega sikio kwenye goti langu.

“Gonga tena, munganga,” akasema. “Huu muguu haikufa. Iko inalala tu.”

Munganga alikuwa amekwisha kuweka kinyundo mfukoni. Basi nyumbani baba alikata kipande cha pine, yaani tairi kuukuu, akakichomeka kwenye kijiti. Kila jioni, kabla hajanawa ale, alipiga magoti mbele yangu, akagonga, akatega sikio. Nywele zake zilinuka grisi na makaa ya mawe, na ndevu zake zilinitekenya.

Miezi ilipita hivyo. Jioni moja mguu ukaruka wenyewe, ukampata kidevuni, akajiuma ulimi.

“Kuja uone, mama,” akaita, damu mdomoni. “Mutoto amenipiga teke.”

Mama akaja na mwiko mkononi, tayari kunifunza adabu, akamkuta baba ameusogezea mguu wangu kidevu kile kile, anagonga tena.