Mbuzi Sita wa Mama wa Sombe

Juzi nilikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kwenye foleni mlangoni kwa mama mmoja aliyekimbia vita Uvira, Kongo, bakuli mkononi. Mama huyu hutwanga majani ya muhogo hapo hapo uani, na kuyapika kwa karanga, na sombe yake ya kuuza haifiki jioni.

Akatokea mkulima wa kijiji jirani, baiskeli imefunikwa na majani ya muhogo. Majani hayo humpa mama bure, maana kwake ni chakula cha mifugo tu. Siku ya kwanza alimuuliza ana mbuzi wangapi. Mama, akiwaza mumewe na watoto watano, akajibu: "Sita."

Sasa mkulima alikuwa amekuja kuwaona mbuzi hao.

"Amayi, mbuzi ziko wapi?"

Foleni nzima ikamgeukia mkulima. Akikasirika huyu, sombe imekwisha. Mama akajifuta mikono kwenye kitenge, akatuonyesha kwa kidevu.

"Njo hawa, papa. Balizaana." Yaani ndio sisi, tumezaana.

Kisha akampakulia nsima, ugali wa Malawi, na sombe. Mkulima akanusa, akaonja, akakalia ndoo, na mwisho akapangusa sahani kwa kidole.

Huko Lilongwe kila siku nasikia watu wakilia kwamba biashara ya nyumbani haianzi bila mtaji. Mtaji wa mama huyu ulikuwa kinu cha kuazima na uongo mmoja mdogo.

Mkulima akapanda baiskeli yake.

"Zikomo, amayi," akashukuru. "Kesho naleta majani ya mbuzi saba."