Gauni la Kupigiwa Filamu

Ile filamu ilinigharimu shilingi elfu moja mia tisa: nywele mia sita, gauni la mtumba mia nne, soksi mia moja, na siku nzima bila kufungua kibanda changu cha viatu, mia nane. Nimejumlisha mara mbili.

Wapiga filamu walikuja mtaani kwetu Kiandutu kutafuta watoto wa kuongea kuhusu ndoto zao. Binti yangu wa gredi ya sita akachaguliwa kwa sababu haogopi watu. Kwetu ukiitwa kupigwa picha unaoga, unajipaka mafuta, unavaa ya Jumapili. Hivyo ndivyo nilivyomtoa, anang'aa hadi kisogo.

Msichana aliyeongoza kazi, mtu wa heshima kutoka pande za Membley kwenye nyumba za wenye nacho, alimzunguka jinsi wateja wangu wanavyozunguka kiatu.

"Mama, hana nguo ya kawaida?"

"Hii ndiyo ya kawaida ya kupigwa picha."

Akauliza kwa upole kama ninaweza kupata sweta iliyochakaa kidogo. Ilikuwepo, paka alikuwa akiilalia. Nikaitisha mia tano ya kuikodisha, tukaachana kwa mia tatu. Sokoni hakuna ambaye angeigusa kwa kumi. Nilijiona mjanja. Viatu navyo vikavuliwa, nikavishika mimi.

Kisha mtoto akakalia mtungi wa maji, akaongea. Alisema anataka kuwa seveya, apime ardhi, kwa sababu kila mwaka tunaambiwa tutahamishwa na hakuna anayejua mpaka uko wapi. Dakika kumi, hakukwama hata mara moja.

Juzi yule msichana alinitumia filamu kwa simu. Binti yangu yumo sekunde kumi na moja. Amebeba mtungi, miguu mitupu, halafu anatazama mbali huku piano ikilia polepole. Hasemi neno. Anayesema ni mwanamume fulani, kwamba watoto hawa hawathubutu kuota.

Siwezi kusema picha ni ya uongo. Maji tunabeba. Nilimpigia msichana nikauliza kuhusu zile dakika kumi, akasema wenye pesa walitaka kitu kifupi, pole mama.

Shida ni Jumamosi. Binti yangu amesikia filamu imefika, na amealika darasa lake kwa jirani mwenye televisheni kubwa. Ameshawaonya wanyamaze akianza kuongea.

Wewe uliyelea watoto, nishauri: nimwambie leo, ama nimwache aione na wenzake?