Mafiga Yaliyobaki Garsen

Baba yangu mdogo na karani wa chifu ndio waliotaka baba yangu apelekwe kulima barabara ya serikali. Nawataja mapema, maana kwenye misiba yao watu waliwasifu sana na mimi nikanyamaza.

Baba aliuza nyumba yetu ya Garsen kwa Msomali mmoja mfanyabiashara wa ngozi, tukahamia Idsowe karibu na mpunga wetu. Miaka ile ya hamsini kila nyumba ilikuwa na kodi yake. Aliyeuza alitakiwa aende kwa chifu aseme, nyumba ile si yangu tena. Asiposema, kodi inamfuata. Na sisi watu wa mtoni tulikuwa na letu juu ya hilo: mwenye kuuza hung'oa mafiga yake. Akiyaacha, hajauza, ameazimisha tu.

Mafiga ya mama yalikuwa mawe ya kweli. Kwetu ni tope tupu, jiwe hulioni; bibi yake aliyaleta kwa mtumbwi kutoka huko juu mtoni. Siku ya kuhama baba mdogo akasema mtumbwi umejaa, mawe yatauzamisha, atayaleta yeye. Na kwa chifu atakwenda yeye pia. Baba akakubali. Ndugu wa tumbo moja, utamkatalia nini?

Hakuleta, wala hakwenda.

Mpunga ulipoanza kuinama, baba akaitwa barazani kwa chifu, kule Garsen: anadaiwa kodi ya nyumba mbili. Ya pili hakuwa nayo, na asiyelipa alikwenda barabarani, shamba akawaachia ndege. Baba akasema ameuza. Karani akacheka, akawageukia wazee.

"Mafiga yako ndani. Nani amewahi kuuza nyumba na mafiga yake?"

Wazee wakatikisa vichwa. Kwa mila, baba alikuwa ameshindwa. Baba mdogo alikaa pale pale, anatazama vidole vya miguu yake.

Mama akanishika mkono, tukaenda kwenye nyumba ya zamani. Ngozi zilikuwa zimepangwa mpaka juu, harufu inakata pua. Mama akapiga magoti akayang'oa mawe kwa mikono. Yule Msomali akauliza kuna nini. Alipoelezwa akavaa viatu, jiwe la tatu akalibeba mwenyewe.

Barazani akaliweka miguuni pa chifu.

"Nyumba nimenunua," alisema. "Tangu ninunue hajapika mtu mle. Na mbuzi wa kuandikisha kodi kwa jina langu nilishatoa. Waliokuja kumchukua mbuzi huyo ni huyu ndugu yake na karani wako."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine. Mama hakucheka. Alimgeukia baba mdogo kwa adabu zote.

"Shemeji, mawe ulisema ni mazito. Na yule mbuzi je, hakuwa mzito?"

Chifu akamwamuru karani aifute nyumba ile kwenye jina la baba papo hapo, sote tukitazama. Tulirudi Idsowe na mawe yetu, mtumbwi haukuzama. Mpunga ule baba aliuvuna mwenyewe.

Huyo mbuzi hatukuona hata kwato. Karani alipandishwa cheo. Baba mdogo alikufa bila kuomba radhi, na mimi sijasamehe, wala sina haraka. Lakini mawe ninayo mimi. Asubuhi nikiyainjikia sufuria, chai ikianza kuchemka, nakaa kando yake na moyo wangu umetulia.